Shimo la Learco

Kijijini kwetu Roncobuio shimo la jibini halifunguliwi mpaka kila mwenye mfuko wa jibini ndani yake awe amesimama ukingoni na kuitikia jina lake. Sheria hii haijaandikwa popote na haihitaji kuandikwa. Jibini inayokaa chini ya ardhi tangu Agosti hadi sikukuu ya Mtakatifu Katerina, mwishoni mwa Novemba, hubadilika umbo, rangi na uzito. Iliyoingia mviringo hutoka imebonyea kama kofia iliyokaliwa. Asiyekuwepo wakati wa kufungua anaweza kudai kesho yake kwamba yake ilikuwa kubwa zaidi, na hakuna atakayeweza kumkanusha. Kwa hiyo wote wanaona kwa pamoja, au haoni mtu.

Asubuhi ya Mtakatifu Katerina mwaka ule wenye mifuko walikuwa wamefika wote, isipokuwa Learco Tassinari.

Mtunza mashimo nilikuwa mimi, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Kabla yangu alikuwa mjomba Delmo, aliyefariki majira ya kuchipua, na kabla yake baba yake. Mimi nilisomea kemia ya maziwa, nikafanya kazi miaka kadhaa katika maabara mjini Cesena, kisha nikarudi kwa sababu nyumba ya mjomba haikuwa na mrithi mwingine na kazi hii niliipenda kuliko ile. Si wote waliofurahi. Wapo waliosema mwanamke wa maabara atawarudishia jibini zao ndani ya chupa. Hata hivyo mwezi Agosti walileta mifuko, kwa sababu shimo lilikuwa lile lile, na kwa sababu walitaka kuona. Siku ya kuona ilikuwa hiyo. Nikilifungua vizuri, wangerudi. Nisipolifungua, wasingerudi: mji ulioko bondeni una mashimo yake, yanafunguliwa saa iliyotangazwa, kwa tarumbeta, na hakuna anayeulizwa yuko wapi.

Iole Branzanti hakuacha nisahau jambo hilo. Iole ni mjane mwenye kondoo wengi kuliko sisi sote na sauti inayotosha kuwachunga akiwa jikoni.

"Ombretta," aliniita, "miguu yangu imeshaanza kuota mizizi. Tunamngoja Learco au tunamngoja askofu?"

"Tunamngoja Learco, mama Iole."

"Askofu angekuwa ameshafika."

Wageni walicheka. Walikuwa tisa, wamekaa juu ya ukuta mfupi wa mawe wakiwa na viatu vyao vya kupandia milima, wakitafuna mkate. Walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka bondeni hadi mgongo wa milima, nyumba kwa nyumba, wakilala wanakopokewa na kula kinachopikwa. Kiongozi wao, Ginevra Costamagna wa Torino, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye adabu nyingi na ratiba ngumu. Alitaka kuingiza ufunguzi wa shimo letu katika safari yake ya kila mwaka. Kijiji kizima kilijua, na watu walikuwa wameshaanza kugombana nani atawalaza wangapi.

"Dada Ombretta," Ginevra alininong'oneza, "huyu mzee hawezi kupigiwa simu akatoa ruhusa?"

Iole alimsikia. "Simu haisimami ukingoni, mwanangu."

"Basi amtume mtu wa nyumbani kwake."

"Mpwa wake alishatumwa mara moja kununua mbwa, akarudi na baiskeli. Hapana. Learco ni Learco."

"Na asipokuja leo?"

"Asipokuja leo," Iole alisema akinitazama mimi, "mwakani mimi nashuka na mifuko yangu bondeni. Nasema mbele ya watu ili asiseme mtu kwamba nilisema nyuma ya mlango."

Watu wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyepinga.

Kila mtu alijua kwa nini Learco hakuja. Mwezi Agosti alikuwa ameleta jibini ishirini na sita za maziwa ya kondoo. Nilizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, kama mjomba alivyonifundisha, kisha nikazipima unyevu kwa chombo, kama nilivyofundishwa chuoni. Vipimo viwili vilisema jambo moja: sita zilikuwa tayari, ishirini zilikuwa mbichi. Jibini mbichi ikiingia shimoni hutoa maji, na maji hayo hayachagui mlango; hushuka kwenye mifuko ya jirani. Nilizipokea sita na kuzikataa ishirini, mbele ya foleni yote, kwa sababu kukataa kwa siri kungemfanya kila mtu ajiulize nini kingine kimepita kwa siri. Learco alisema kidole changu kimezoea kubonyeza vitufe. Alizipakia jibini zake kwenye gari la punda na kuondoka. Sita zile zilibaki shimoni, na kwa sita hizo alikuwa na haki sawa na Iole mwenye themanini.

"Tunapanda kwake," nilisema.

"Nani na nani?" Iole aliuliza.

"Wote. Akikubali, tunarudi naye. Akikataa, tutakuwa tumemsikia wote."

"Utamwomba radhi?"

"Hapana. Jibini zilikuwa mbichi."

"Mungu wangu." Iole alifunga kitambaa chake kichwani. "Basi beba mkate, maana tutakaa huko."

Kutoka kijijini hadi Ca' del Vento, kwa Learco, ni njia ya punda inayopita katikati ya mialoni. Wageni walifurahi, walikuja kutembea. Nyuma yangu nilimsikia mmoja wa wageni, daktari wa meno mstaafu, Bwana Aimone, akimuuliza Iole kama ugomvi huu ni sehemu ya mila.

"Ugomvi ni mila," Iole alimjibu. "Jibini ni kisingizio."

Tulimkuta Learco amesimama mbele ya zizi lake la zamani. Alikuwa amevaa koti la harusi na kofia ya Jumapili, na amenyoa ndevu. Nyuma yake meza ndefu ilikuwa imetandikwa uani. Juu ya makaa kulikuwa na kigae kipana cha udongo, na dada yake, Velia, alikuwa anaoka mikate bapa ambayo kwetu huitwa piada, akiigeuza kwa ncha za vidole bila kuungua. Kulikuwa na soseji, jibini laini ya jana, mchicha wa porini uliokaangwa kwa kitunguu saumu, na divai nyekundu katika mitungi ya kioo. Sahani zilikuwa nyingi. Niliziangalia, nikawaangalia watu tuliokuja nao. Zilitosha.

"Mmechelewa," Learco alisema. "Piada za kwanza zimeshakauka."

Iole alisimama, mikono kiunoni. "Learco! Ulijua tutakuja?"

"Shimo halifunguliwi bila mimi. Mimi siji. Mtafanya nini? Mtakuja. Nimepiga hesabu tangu Septemba."

"Mbwa mzee wewe!"

"Karibu, Iole. Nawe umezeeka vizuri."

Nilimuuliza anataka nini. Sikutaka kuzunguka, na yeye si mtu wa kuzungukwa.

Badala ya kujibu alifungua mlango wa zizi. Hapakuwa na mnyama ndani. Sakafu ilikuwa imefagiliwa hadi kwenye mwamba, na katikati kulikuwa na mfuniko wa mbao wa mviringo, umezibwa pembeni kwa chokaa na kuwekewa mawe mazito juu yake. Shimo. Babu yake alilichimba katika mwamba laini kama mashimo yetu mengine, wakati wa vita ngano ikafichwa humo ili wanajeshi wasiichukue, kisha likafunikwa na kusahauliwa. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa mjomba. Sikujua kama bado lilikuwa zima.

"Jibini zako ishirini zimo humu," Learco aliniambia. "Zile ulizosema mbichi. Nilichoma moto ndani kukausha ukuta, nikapanga matete, nikapanga mabua ya ngano, nikaziweka siku ile ile uliyofunga shimo lako. Leo ni Katerina kwangu kama kwako. Lakini sheria ni sheria, daktari wa maabara. Siwezi kulifungua bila mashahidi. Sasa mashahidi ninao, hadi wa Torino."

Hapo nikaelewa, na nadhani kila mtu alielewa. Tangu Agosti alikuwa ameweka heshima yake yote chini ya mfuniko ule. Kama jibini zingetoka nzuri, mtunza mashimo asiyejua kazi ningekuwa mimi, na hilo lingethibitishwa mbele ya watu wale wale niliowahitaji.

"Likifunguliwa hili, utashuka kijijini kuitikia jina lako?" nilimuuliza.

"Likifunguliwa hili kwa haki, nitashuka hata kwa magoti."

"Vizuri. Lakini anayeingia shimoni ni mimi."

"Shimo ni langu!"

"Na mtunza mashimo wa Roncobuio ni mimi. Hapa ni Roncobuio. Una umri wa miaka sabini na nane, mzee Learco, na ndani humo hakuna hewa. Ukianguka, wa kukutoa nitakuwa mimi, na utakuwa mzito kuliko jibini."

Velia aliinua uso kutoka kwenye makaa. "Muache aingie yeye. Wewe hata kitandani unapanda kwa kushikwa."

Watu walicheka, naye akaacha kubisha.

Nilibomoa chokaa kwa patasi. Tulipoinua mfuniko niliwarudisha wote nyuma hadi mlangoni. Harufu ilipanda. Ya kwanza ilikuwa ile inayotakiwa: uyoga, majani ya msituni baada ya mvua, divai kidogo. Nyuma yake ilikuja nyingine, kali, ya siki na ya tumbo la ndama. Iole aliisikia, akanitazama. Harufu peke yake si ushahidi. Hata shimo zuri hunuka siku ya kwanza.

Nilishusha mshumaa kwenye kopo, kwa kamba. Ulizimika kabla haujafika urefu wa mkono. Hewa inayotolewa na jibini ni nzito kuliko ya kawaida, hulala shimoni kama maji, na mtu akiingia haoni wala hasikii kitu. Hulala tu, haamki. Kwa hiyo tulingoja. Iole na Bwana Aimone walishika shuka kwa pande mbili wakawa wanaipepea juu ya mdomo wa shimo, na kila baada ya muda niliushusha mshumaa tena.

"Inachukua muda gani?" Ginevra aliniuliza. Alikuwa ameshaangalia saa yake mara mbili. Walitakiwa kufika kijiji cha juu kabla ya giza.

"Hadi mshumaa usizimike."

"Ndiyo, lakini kwa kukadiria?"

"Sikadirii. Mshumaa unapima."

"Kula, binti," Velia alimwambia, akimtilia soseji ndani ya piada na kuikunja. "Hakuna aliyewahi kuharakisha hewa kwa kuitazama."

Tulikula basi. Wageni walikaa mezani katikati ya wenye mifuko, na Learco, kwa kuwa alikuwa mwenyeji, ilimbidi amimine divai hadi kwa waliomcheka. Alimmiminia kila mtu. Kwangu alijaza nusu.

"Wewe unashuka chini," alisema. "Nusu inakutosha."

Lilikuwa jambo sahihi. Nilimshukuru.

Bwana Aimone alimuuliza ilikuwaje akajua jibini zimeiva za kutosha kuingia shimoni. Learco alisema anajua kwa kuzitazama, kama baba yake. Iole alisema baba yake alikuwa na miwani. Learco alisema baba yake alikuwa na wake wa jirani pia, na hakuhitaji miwani kwa hao. Velia alimpiga kwa kitambaa cha jikoni. Ginevra aliacha kuangalia saa. Nilipoushusha mshumaa mara ya mwisho, uliendelea kuwaka hadi chini.

Nilifunga kamba kiunoni, nikampa Iole ncha, kwa sababu ndiye mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote, nikashuka kwa ngazi.

Mifuko ya safu ya juu ilikuwa imara. Niliibonyeza, nikaifungua miwili: jibini zilikuwa za rangi ya dhahabu iliyofifia, zimeloa mafuta yake kidogo, zinakatika kwa kucha. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa zimedondosha maji yake yote kwa zilizo chini. Niliziinua moja moja, Iole akazivuta. Juu nilisikia minong'ono ikibadilika, na Learco akisema, "Eeh! Eeh! Mnaona?"

Kisha nikafika katikati. Mifuko ilikuwa laini upande mmoja. Chini yake ikawa laini pande zote, na safu ya mwisho ilikuwa imekaa ndani ya maji ya kijivu. Niliugusa mfuko mmoja ukapasuka.

"Vipi?" Learco aliuliza kutoka juu. Kwa mwanga wa mlango nilikiona kichwa chake tu na kofia. "Mbona umenyamaza?"

Ningeweza kupandisha zile nzuri, nikasema nyingine nitazitoa baadaye wageni wakiondoka. Wazo hilo lilikuja na nikaliangalia. Mtunza mashimo kazi yake ni kusema kilichomo shimoni. Akianza kusema kingine, hana kazi.

"Za juu nzima," nilisema. "Za kati nusu kwa nusu. Za chini zimeoza."

"Zimeoza vipi?"

"Zimekaa ndani ya maji yake, mzee."

Nilisikia makaa yakipasuka uani.

"Basi zilikuwa mbichi," Learco alisema hatimaye.

"Zilikuwa mbichi."

Kofia iliondoka ukingoni.

Nilianza kuzitoa zilizooza kwa ndoo. Ilikuwa kazi chafu na nilitaka kuimaliza kabla hewa haijachafuka tena. Nilipofika sakafuni, nilivuta mabua ya ukutani ili kuona maji yamepanda hadi wapi. Niliyatoa ya kwanza, nikayaangalia. Nikaenda upande wa pili wa shimo, nikayatoa mengine. Nikapapasa mwamba nyuma yake kwa kiganja, kisha kwa shavu, kwa sababu ngozi ya shavu husikia unyevu kabla ya kiganja. Nilizunguka shimo zima hivyo.

Nieleze jambo moja. Mjomba alikuwa na mashimo mawili. La pili lilipata ufa kwa mvua za majira ya baridi, na tangu hapo ukuta wake unatoka jasho. Ndiyo sababu mwezi Agosti mifuko yote ilibanana katika shimo moja, na wapo niliowarudisha kwa kukosa nafasi, achilia mbali jibini za Learco. Mwamba wa kuchimba mwingine kijijini haupo. Uliobaki uko chini ya kanisa na chini ya barabara.

"Mzee Learco!" niliita.

Iole alijibu badala yake: "Yuko nyuma, anawatazama kuku."

"Mwite. Nataka asikie."

Kofia ilirudi.

"Ukuta ni mkavu," nilisema. "Wote, hadi nusu mita kutoka sakafuni, na chini ya hapo umelowa maji ya jibini, si maji ya mlima. Hakuna ufa. Mabua yamepangwa vizuri kuliko yangu. Shimo hili ni bora kuliko langu la pili, hata kabla halijapasuka."

"Unasema hivyo kunipoza," Learco alisema.

"Mimi nimeanza lini kukupoza?"

Iole alicheka kwa nguvu hadi kamba ikanitingisha kiunoni. Nilipandisha konzi ya mabua ya nyuma ya matete kwenye ndoo safi. "Vunja hayo, mama Iole."

Aliyavunja. Mlio ulisikika hadi chini: mabua makavu hulia, yenye unyevu hupinda. Akampa Bwana Aimone avunje, naye akampa mwenzake, yakapita mkono kwa mkono hadi yakamfikia mwenyewe. Learco aliyavunja yote yaliyobaki, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua ushahidi.

"Babu alichimba mwenyewe," alisema. "Kwa sururu moja."

"Alichimba vizuri. Kilichoharibika ni ulichokiweka."

"Hilo umeshalisema."

"Nalisema tena kwa sababu mwakani nataka kulitumia shimo hili. Ulioshe, uchome moto ndani, uliache wazi hadi kiangazi. Mifuko ya watu nitaipima mimi, na yako pia."

"Na nikileta mbichi?"

"Nitazikataa. Mlangoni kwako mwenyewe, mbele ya dada yako."

"Itakuwa furaha yangu," Velia alisema.

Zilizooza alizibeba Learco mwenyewe hadi kwenye lundo la samadi, kwa toroli, akiwa bado na koti la harusi. Vijana wawili wa kikundi cha Ginevra walitaka kumsaidia, akawafukuza. Alikwenda na kurudi bila kumtazama mtu. Alipomaliza alinawa mikono kwenye pipa, akachukua moja ya zile nzuri za juu, akaikata mezani.

Aligawa vipande vidogo. Wageni walionja kwa kufumba macho, kama watu wanaosali. Sisi tulionja kwa kufumbua macho, kama watu wanaonunua. Ilikuwa kali mwanzoni, kisha tamu, kisha ikabaki harufu ya msitu nyuma ya pua.

"Iole?" Learco aliuliza.

Iole alitafuna polepole makusudi. "Nimekula mbaya zaidi," alisema. "Kwangu mwenyewe, mwaka juzi."

Katika kijiji chetu hiyo ni sifa kubwa. Learco alivaa kofia yake vizuri, akamwambia Velia azime makaa.

Tulishuka wote pamoja. Njiani Iole alinisogelea, akashika mkono wangu ili asiteleze, au akijifanya hivyo.

"Ungeweza kumfichia aibu," alisema. "Mbele ya wageni. Mtu mzima yule."

"Ungeniamini mwakani?"

Alifikiri hatua kadhaa. "Nisingekuamini," alisema. "Lakini ningekupenda zaidi."

"Mifuko yako italala wapi Agosti?"

"Tusubiri kwanza uifungue ya mwaka huu. Hujaniona bado nikishukuru kabla ya kushiba."

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa magharibi tulipofika shimoni. Nilisimama juu ya mfuniko na kuita majina kwa mpangilio wa mifuko ilivyoingia. Kila mmoja aliitikia, "Nipo." Nilipofika kwa Tassinari ilibidi kungoja, kwa sababu alikuwa bado anashuka ngazi zinazotoka kanisani hadi shimoni, kwa uangalifu, mkono ukutani, na hakutaka kuitikia kabla hajafika.

"Nipo," alisema alipofika ukingoni. "Endelea, daktari, watu wanapata baridi."

Nilibomoa chokaa. Mshumaa ulizimika, tukapepea, tukangoja, safari hii bila divai. Kisha ukawaka hadi chini nami nikashuka. Mifuko ilikuwa imara kutoka juu hadi kwenye mbao za sakafuni. Niliipandisha kwa majina, na kila mwenye mfuko aliufungua pale pale, akanusa, akabonyeza, akagombana na jirani kuhusu ya nani imebonyea vizuri. Iole alifungua minne mfululizo. Alipofika wa tano aliinama ukingoni.

"Ombretta!"

"Naam, mama Iole."

"Lile shimo la Learco lina nafasi ya mifuko mingapi?"

"Mingi kuliko hii ya kwako."

"Niwekee upande wa kulia. Wa kushoto unaelekea zizini."

"Zizi langu lina nini?" Learco alifoka.

"Lina wewe!"

Ginevra alipiga magoti karibu na mdomo wa shimo ili nimsikie. Hakuwa na haraka tena; walikuwa wamekubaliana na Velia kulala Ca' del Vento na kuendelea kesho yake. Alitaka jambo moja tu kwa ajili ya safari ya mwakani. Tarehe alikuwa nayo. Alihitaji saa ya kufungua, ofisi yake ya Torino haiwezi kuchapisha safari bila saa.

"Tarehe ninaweza kukupa," nilimwambia, nikipanda ngazi hadi macho yangu yakafika ukingoni. "Saa siwezi. Tunafungua atakapofika mtu wa mwisho."

"Na kama mtu wa mwisho atachelewa nusu siku, kama leo?"

"Mtatembea kwenda kumchukua."

Alitafakari, mkono kwenye kidevu. Niliona anapima kama wasafiri wake wangekubali, kisha akageuka kuwatazama. Walikuwa wamekaa chini na mikono imejaa mafuta ya jibini, na Bwana Aimone alikuwa anafundishwa na Learco jinsi ya kubonyeza kwa kidole gumba, akikosea, akitukanwa kwa upole.

"Ofisi itauliza," alisema.

"Waambie ofisini," Learco alisema kwa mdomo uliojaa, "waje nao. Sahani tunazo."

Ginevra alitikisa kichwa akicheka na kusema atawaambia hivyo hivyo. Nilishuka tena, nikamuomba Iole ateremshe ndoo, nikaanza kutoa safu ya mwisho.